Digrii Thelathini Zilizopungua

9 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

...na sasa hebu niambie, wewe uliyesoma kuliko sisi wote, kuna mwanamume gani mwingine anayeamka kabla ya mkewe ili ampashie maji ya kuoga, halafu anayapima kwa kipimajoto? Ndiyo, kipimajoto! Digrii thelathini na nane, hazizidi wala hazipungui. Barua iliyopita iliishia hapo kwa kuwa karatasi ilikwisha, maneno hayakuwa yamekwisha, kwa hiyo naendelea palepale.

Shikamoo, Shangazi. Nimeanza na mume kabla ya salamu, na najua ungekuwa karibu ningefinywa sikio. Hujambo? Mgongo unasemaje? Darasa lako halikusumbui?

Sisi hatujambo kabisa, tena hatujambo mpaka watu wanatushangaa. Chumba chetu kiko ghorofa ya pili, juu ya duka la fundi saa. Kina dirisha moja kubwa na kitanda kinacholia ukikigusa. Mama mwenye nyumba amekwisha kuja mara mbili kuuliza tunacheka nini asubuhi yote hiyo. Nilimjibu, "Mama, hata sisi hatujui." Akaondoka akitikisa kichwa, akasema tungoje mwaka uishe. Uishe tu, Shangazi! Uje na mwingine!

Mume wangu yuko kwenye maabara ya kiwanda cha rangi, kama nilivyokwambia. Wenzake wanamwita Bwana Vipimo, kwa sababu hata sukari ya chai haitii kikombeni mpaka aisawazishe kijikoni kwa kisu. Jioni anarudi ananukia tapentaini. Sikujua maishani mwangu kwamba tapentaini ni manukato.

Nimekuwekea picha ya arusi humu ndani. Kiti chako tulikiacha wazi mpaka mwisho. Sikulaumu, uliandika kuwa ulikuwa na mitihani ya kusahihisha, na mitihani ni mitihani. Basi, tuyaache hayo.

Kidato cha nne mmefika wapi? Mmefika kwenye alkoholi? Mimi nimesahau karibu kila kitu cha kemia, lakini siku ile sijaisahau. Ulichemsha ethanoli pamoja na asidi kali, gesi ikapita kwenye mrija, ikaingia kwenye maji ya bromini ya kahawia, na rangi ikapotea mbele ya macho yetu kana kwamba kuna mtu ameinywa. Nilipiga kelele darasa zima likageuka. Hapo ndipo uliponibandika jina la Chiriku, na mpaka leo halijabanduka.

Nakubusu mikono yote miwili.

Chiriku wako, mke wa mtu


3 Machi

Chiriku,

Marahaba, mwanangu. Barua yako imefika. Kurasa sita! Nimeisoma kwa vituo kama msafiri wa miguu, leo kidogo na kesho kidogo. Mgongo haujambo. Baba yako amestaafu, na sasa kazi yake ni kumwonyesha mama yako namna ya kufagia. Mama yako amemwonyesha mlango. Wanapendana vilevile.

Mkwe wangu msalimie sana. Mwanamume anayepima maji ya kuoga ni wa kutunzwa. Ila siku akianza kukupima wewe, rudi nyumbani.

Picha nimeipata. Gauni jeupe limekukaa vizuri.

Umeuliza habari za alkoholi. Tumefika, na imenitia aibu. Nilichanganya ethanoli na asidi kali ya salfa kama ninavyochanganya miaka ishirini na sita sasa, asidi juu ya ethanoli, polepole, chupa ikiwa ndani ya maji baridi. Nikafunga uzi wangu mwekundu kwenye kipimajoto mahali pa mia moja na sabini. Unaukumbuka uzi wangu, ninaufunga ili hata wavivu wa dawati la nyuma waone tunakokwenda. Nikawasha taa, zebaki ikapanda mpaka kwenye uzi, nikaituliza hapo kwa kuisogeza taa, tukaingoja gesi yetu.

Gesi haikuja. Mapovu mawili matatu ya hewa tu, basi. Maji ya bromini yalibaki na kahawia yake kama mgeni aliyesusa chakula. Badala yake chumba kikajaa harufu tamu iliyopenya mpaka kwenye meno. Wanafunzi wa mbele wakaanza kucheka ovyo, mmoja akalala. Alhamisi nikarudia, mambo yakawa yaleyale, na juu ya hayo nikaunguza kitambaa cha meza.

Mkuu wa shule aliniita ofisini. Mkaguzi anakuja mwanzoni mwa Juni, na somo atakaloliangalia ni hilihili. "Mwalimu," akaniambia, "ikishindikana tena, vitendo vya kidato cha nne nitampa mwalimu wa biolojia." Yule kijana anayevaa koti jeupe mpaka kwenye foleni ya chai! Chiriku, mimi bila maabara ni nani? Nitakaa na baba yako tuonyeshane kufagia?

Nadhani kipimajoto ndicho kibovu. Ni kipya, cha zamani kilivunjika mwaka jana. Muulize mkwe wangu anasemaje. Wala usipige simu ya shule, iko mezani kwa mkuu, na yeye huisikiliza kwa masikio matatu.

Shangazi yako


10 Machi

Shangazi yangu wa dhahabu,

Shikamoo. Nimeipokea barua yako saa nne asubuhi na nakujibu saa hiihii, sufuria iko motoni na mimi niko hapa. Baba na Mama wamenichekesha mpaka machozi. Sisi wazima. Juzi mume wangu alinipaka rangi kucha za miguu kwa sampuli ya kiwandani, "bluu ya lango, ya nje, haichuji mvua". Kweli haichuji. Haitoki hata kwa kusuguliwa.

Gauni jeupe, Shangazi? Lilikuwa la kijani! Kijani kibichi, watu wote walilisema. Au uliiangalia picha ya mtu mwingine?

Sasa lako. Nilimsomea Bwana Vipimo barua yako tukiwa mezani. Nilipofika kwenye "harufu tamu" akaweka kikombe chini.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Hiyo ni etha. Shangazi yako anapika etha juu ya taa inayowaka?"

"Mwangalie huyu! Amefundisha miaka ishirini na sita."

"Ndiyo maana bado yuko hai. Wengine wasingefika mara ya pili."

Halafu akanichorea nyuma ya bahasha, nami nikakumbuka uliyotufundisha, ila safari hii nimeyaelewa kwa moyo. Kila molekyuli ya alkoholi imebeba ndani yake vitu vya kutengenezea maji, na asidi kali ni mlafi wa maji. Joto likifika mia na sabini, kila molekyuli inanyang'anywa maji yake peke yake, na kinachobaki kinapaa, ndiyo ethini, gesi yetu inayofuta bromini. Lakini joto likiishia mia na arobaini hivi, nguvu haitoshi. Basi molekyuli mbili zinasogeleana, zinatoa molekyuli moja ya maji kwa pamoja, na ile oksijeni iliyobaki inazishika mkono huku na huku, zinakuwa kitu kimoja. Hiyo ndiyo etha.

Shangazi! Si ndoa hiyo? Wawili wanapungukiwa kidogo kila mmoja, halafu wanashikwa na kitu kimoja katikati! Nilimrukia shingoni. Akasema, "Ni ndoa inayoshika moto kwa cheche moja." Nikamwambia hiyohiyo ndiyo niitakayo.

Lakini aliponishusha alikuwa hacheki. Anasema mvuke wa etha ni mzito, haupandi juu, unatambaa mezani kama paka mpaka uifikie taa, na hapo hakuna wa kuuzuia. Anakuomba sana usiweke moto wazi karibu, chupa ikae kwenye sinia ya mchanga wa moto, na madirisha yote yawe wazi. Anasema pia kwamba kama unapata etha badala ya ethini, basi joto lako linakwama digrii thelathini chini ya unapotaka.

Karatasi imekwisha, naandika pembeni kwa herufi za sisimizi, nisamehe. Nijibu haya. Je, kitunguu cha kipimajoto, ile ncha yake yenye zebaki, kinazama ndani ya kimiminika au kinaning'inia juu? Zebaki ikifika kwenye uzi inasoma ngapi hasa? Na kitambaa cha meza kiliunguaje?

Wako asiyenyamaza,

Chiriku


22 Aprili

Chiriku wangu,

Marahaba. Najua nimechelewa. Wiki sita si adabu. Kazi zimenibana, na mvua, na karatasi za kusahihisha. Kalamu yangu siku hizi inatembea kama mlevi, ukiona mstari umepanda juu ya mwenzake usishangae. Ni uzee tu, unabisha hodi ili nisije nikasema haukunipa taarifa.

Barua yako nimeisoma nusu kwa raha, nusu nimeiweka akiba. Habari ya ndoa ya etha niliwasimulia walimu wenzangu wakati wa chai. Wakaniuliza kama na talaka ipo. Nikawaambia ipo, uongeze joto tu.

Kwa hiyo mkwe wangu naye anaona ni joto. Mimi nilisema tangu mwanzo kwamba kipimajoto ni kibovu, kinasema mia na sabini nacho hakijafika. Nimekifunga ndani ya soksi nzito na kisanduku cha chaki, kiko humu. Akipime. Kikithibitika kuwa kibovu, mkuu ataona kwamba kosa ni la chombo wala si la mwalimu, na mkaguzi atakuja nikiwa na kingine.

Wiki iliyopita nilijaribu peke yangu baada ya saa za masomo, kwa kipimajoto hichohicho. Meza ilishika moto kidogo. Niliuzima kwa mchanga. Nyusi zimeanza kuota tena.

Usimwambie baba yako.

Shangazi yako


2 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Kisanduku kimefika salama, hata soksi haijatoboka. Mume wangu amekipeleka kiwandani. Sisi hatujambo. Mvua huku zimekatika.

Sina maneno mengi leo. Usiwashe moto wowote kwenye maabara kabla hujapata barua yangu nyingine. Nakuomba kama nilivyokuwa nakuomba nikiwa mtoto, kwa magoti.

Chiriku


9 Mei

SHANGAZI YANGU,

SHIKAMOO.

Naandika kwa kalamu nene ya kiwandani, ile wanayoandikia madebe ya rangi. Mistari mitano kila ukurasa. Bahasha imenenepa kama mto wa kulalia na karani wa posta ameniuliza kama natuma kitabu.

Kipimajoto chako ni kizima.

Bwana Vipimo alikitumbukiza kwenye maji yanayochemka, kikasoma mia moja barabara. Akakitumbukiza kwenye mafuta ya moto pamoja na kipimajoto kikubwa cha kiwanda, vikapanda pamoja kama mapacha, mia na kumi, mia na hamsini, mia na sabini. Hakuna hata nusu digrii ya tofauti. Alikileta nyumbani, akakiweka mezani juu ya taulo.

"Sasa tatizo ni nini?" nikamuuliza.

Alinyoosha kidole kwenye uzi wako mwekundu. Hukuwa umeufungua. Ulikuwa umefungwa vizuri, fundo dogo zuri kama ufungavyo siku zote. Umefungwa kwenye mia na arobaini.

Halafu akaenda kuosha vikombe. Vikombe vilikuwa safi, Shangazi.

Nilikaa chini nikazitoa barua zako zote. Wewe uliyekuwa ukinichapa vidole kwa sababu ya mwandiko, mistari yako inapandana. Gauni la kijani umeliita jeupe. Maswali niliyoyaandika pembeni kwa herufi ndogo hukujibu hata moja, nami nikadhani umeyapuuza. "Nusu nimeiweka akiba." Nikacheka nilipoisoma mara ya kwanza. Niliposoma mara ya pili nililia mpaka mama mwenye nyumba akapanda kuuliza mbona leo hatucheki.

Shangazi, unaona?

Niambie ukweli. Kidogo? Kwa jicho moja? Tangu lini? Hapa huzungumzi na mkuu wa shule wala mkaguzi. Mimi ni yule uliyemfundisha kusoma zebaki, ukaniambia nishushe macho yangu mpaka yawe sawa nayo.

Na jambo jingine, kwa kuwa leo nimekosa adabu niikose yote. Tangu arusi nina kijiwe moyoni. Nilidhani hukuja kwa sababu nilikataa chuo nikachagua kuolewa. Ulitaka niende nikasomee kemia, najua. Kila nilipokuandikia furaha yangu niliandika mara mbili ya ilivyo, ili uone kuwa sikukosea. Ilivyo inatosha, Shangazi. Ninampenda, tena sana, wala sihitaji kuiongeza chumvi. Nilikuwa nakuhitaji wewe kwenye kile kiti.

Ukinikasirikia, nikasirikie. Lakini usiwashe taa ile.

CHIRIKU


1 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Siku ishirini na tatu. Kila mara mtu wa posta akipita chini ya dirisha letu natoa kichwa, mpaka fundi saa amesema atanitengenezea kamba nisianguke.

Nimekuudhi. Sawa. Nitukane basi, ila kwa maandishi.

Tumekutumia kipimajoto kingine. Mume wangu amekikwaruza alama mbili kwa tupa mahali pa mia na sabini, unaweza kuzipapasa kwa ukucha. Amekaa nacho jioni nzima. Amesema nikwambie si zawadi ya kukusuta.

Chiriku


11 Juni

Chiriku mwanangu,

Marahaba, na marahaba nyingine kwa zile ambazo sikuzijibu.

Barua hii anaiandika katibu wa shule kwa mashine, mimi nasema. Amekula kiapo cha kutocheka na cha kutorudia kwa mtu. Hapo amecheka. Aandike kwamba amecheka.

Ile barua yako ya kalamu ya madebe niliisoma nimesimama mlangoni, bila kioo cha kukuzia, bila kungoja jua la saa sita. Ni barua ya kwanza niliyoisoma kama mtu kwa mwaka mzima. Halafu nikakasirika siku tatu. Ilikuwa hasira ya mtu aliyekutwa. Siku ya nne nikakumbuka kwamba aliyenikuta nilimfundisha mimi mwenyewe kukuta, nikaona fahari kidogo, na fahari ikanipooza.

Nitakujibu yote, hata ya pembeni. Kitunguu kinazama, na kitambaa kiliungua kwa sababu sikuona kwamba kimeigusa taa.

Siioni tarakimu. Mistari minene naiona kama ua la miti lililoko mbali, zebaki naiona kama mkwaruzo wa mwanga. Uzi mwekundu nauona, ni mnene. Kile kipimajoto changu cha zamani kilichovunjika kilikuwa kinaishia mia mbili na thelathini, na kwa miaka yote nilizoea kuhesabu mistari minene kutoka juu, kwa ukucha, sita kushuka, mia na sabini, nafunga. Nikawa nafanya hata bila kuangalia. Kipya kinaishia mia mbili. Nilihesabu sita kushuka, nikafunga. Sikusoma juu kimeandikwa nini, kwa kuwa kusoma ndiko nilikokuwa nakukwepa. Ulivyosema ndivyo, digrii thelathini zilipungua, na zilipungua kwangu mimi.

Sasa arusi. Nilishona nguo, Chiriku. Nilifunga sanduku. Nilifika kituo cha mabasi alfajiri, kumejaa mabasi, kila basi lina kibao mbele, na sikuweza kusoma hata kimoja. Ningeuliza. Mtoto mdogo angeuliza. Mimi, mwalimu, nimesimama na sanduku mkononi, nimwambie mtu baki "nisomee"? Basi moja likaondoka, na jingine. Saa tatu nikarudi nyumbani, nikakuandikia uongo wa mitihani. Sikuwahi kukasirika hata dakika moja kwamba umeolewa. Chuo hakina miguu, kitakungoja. Kama kuna mtu wa kukasirikiwa, ni yule mwanamke aliyeona haya kumuuliza kondakta.

Mkaguzi alikuja tarehe tano. Kipimajoto cha mkwe wangu kilikuwa kimefika jana yake, na alama zake nilizipapasa usiku kucha kama tasbihi. Lakini nilipoingia darasani nikaona kwamba alama zitanisaidia kufunga uzi, hazitanisaidia kuiona zebaki ikifika. Mkuu amekaa nyuma, mkaguzi kando yake na daftari. Nikaweka kipimajoto chini. Nikasema:

"Kidato cha nne, macho yangu yamechoka. Kipimajoto hiki sikisomi. Mtakisoma ninyi."

Nilisikia kalamu ya mkaguzi ikisimama.

Nikawapanga dawati kwa dawati. Taa tuliiweka chini ya sinia ya mchanga, mbali na chupa kadiri ilivyowezekana, madirisha wazi. Kila dawati likasoma kwa zamu, kwa sauti. Tisini. Mia na kumi. Mia na thelathini. Ilipofika mia na arobaini nikawauliza, "Tukisimama hapa tutapata nini?" Wakajibu wote, "Etha!" maana harufu yake bado wanayo puani. "Basi tupite haraka, tusikae barazani kwa watu." Wakacheka. Mia na hamsini na tano. Mia na sabini. "Shikilieni hapo."

Nikasikia mapovu, Chiriku. Sauti ile huwezi kuikosea, kama mtu anayesonya kwa furaha. Yakapita kwenye maji ya magadi makali yasafishwe, yakaingia kwenye bromini. Sikuona rangi ikifa. Nilisikia darasa likivuta pumzi, halafu dawati la kwanza likapiga kelele, halafu lote. Mkaguzi mwenyewe alisimama.

Baada ya somo mkuu aliniita. Nikaenda nikijua ni kuagana. Akasema, "Mwalimu, kwa nini hukuniambia?" Nikasema, "Kwa sababu ungemwita wa biolojia." Akasema, "Nitamwita. Kwa muhula mmoja. Uende ukatibiwe, ukirudi na barua ya daktari meza ni yako." Sijui kama nimwamini. Lakini alinipeleka mwenyewe kwa gari lake hospitali, na njiani hakuhubiri.

Daktari wa macho anasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba wengi wanaofanyiwa huona. Wengi, amesema. Mimi ni mtu wa vipimo, nikamuuliza wengi wangapi. Akacheka, akaandika tarehe. Wataanza na jicho la kulia tarehe thelathini mwezi huu, asubuhi. Nimesaini karatasi, katibu alinishikia kidole mahali pa kusaini.

Nyumbani sijawaambia. Baba yako atakuja na ufagio. Wewe nakwambia kwa sababu umeuliza, wala si kwa sababu nahitaji chochote. Kaa na mumeo. Ni siku moja tu, wanafunga jicho, wanakurudisha kitandani.

Katibu ananiuliza mbona nimenyamaza. Aandike kwamba sijanyamaza.

Shangazi yako


18 Juni

SHANGAZI YANGU, MAMA YANGU WA PILI,

SHIKAMOO. Ni ile kalamu ya madebe tena, zoea.

Nimesoma barua yako nimesimama kwenye ngazi, nikashindwa kupanda wala kushuka. Mama mwenye nyumba alinipita mara mbili na ndoo. Mara ya tatu akaweka ndoo chini, akakaa nami kwenye ngazi, nikamsomea yote kwa sauti, na pale mkaguzi aliposimama akapiga makofi. Sasa anakuombea. Ananiuliza kila saa kama bromini imekufa kabisa au itafufuka.

Kile kituo cha mabasi, Shangazi. Sitaki kukisema sana, kwa sababu nikikisema nalia na wino utachuruzika. Miezi mitano mimi nimekaa na kijiwe changu na wewe umekaa na sanduku lako, kila mmoja ameshika lake, tunaandikiana habari za mgongo. Tusirudie tena. Ukiwa huoni, niambie huoni. Nami nikiwa na huzuni sitakupaka rangi ya lango.

Umesema huhitaji chochote. Nilimsomea Bwana Vipimo sentensi hiyo. Akauliza, "Anajua kusema uongo?" Nikamwambia hajui kabisa, ndiyo maana anaufanyia kazi ngumu. Akaenda kazini, akarudi na ruhusa ya siku kumi, siku zake zote za mwaka. Sikumwomba. Nilimtazama tu, nikaona kwamba sikumwambia hata nusu ya mambo mema yake katika barua zote hizi, na unajua nilivyojitahidi.

Unaogopa. Huja​andika neno hilo, lakini uliuliza wengi ni wangapi. Mimi sijui ni wangapi, na mume wangu, anayejua vipimo vyote, naye hajui. Ninachojua ni hiki: huingii pale peke yako. Nitakuwa nje ya mlango ule, na watakapokufungua kitambaa nitakuwa mbele yako, karibu kabisa, pua kwa pua, ili usihangaike kutafuta. Kama utaona, utaniona mimi. Kama hutaona siku hiyo, nitakuwa hapohapo nikikusimulia kila kilichomo chumbani, kuanzia dari mpaka viatu vya nesi, na tutalisubiri jicho la pili tukiwa wawili.

Baba na Mama nitawaambia mimi, kwa namna yangu. Ufagio nitauficha.

Wewe usifanye lolote. Usifunge sanduku, usitafute gari, usije kutupokea. Tunapanda basi la asubuhi Jumamosi ya tarehe ishirini na saba, na kabla jua la siku hiyo halijashuka tutakuwa tumekaa chumbani kwako, mimi na mkwe wako. Mwezi huu hautaisha hujanishika mkono.

Nakuja, Shangazi. Nakuja.

MTOTO WAKO